Stark Mmoja Lazima Abaki Winterfell: Siri za Uchawi Kwenye Mila za Wazito, na Kwa Nini Funzi Wanazijua Kitambo

Kufika Funzi si ngumu. Unatoka Ukunda na matatu ya kuelekea Lunga Lunga, unashukia njia ya Bodo, boda inakutupa ufuoni, halafu mashua inakuvusha katikati ya mikoko. Mimi nilifika na begi moja, simu yenye Game of Thrones nzima ndani, na kitabu chake cha kwanza ambacho kurasa zimeanza kutoka. Rada ilikuwa nichill, nile samaki, nirudie story yote mwanzo mwisho.

Usiku mmoja tuko barazani, nawapea mabinamu ile sehemu Ned Stark anashuka na mfalme Robert kwenye makaburi chini ya ngome ya Winterfell. Mabwana wote wa ukoo wamelala huko chini, kila mmoja na sanamu yake ya mawe, na upanga wa chuma umelazwa mapajani. Bibi yetu alikuwa pembeni anasuka ukili, hajawahi kusikia jina Stark maishani. Akaacha kusuka.

"Huo upanga ni wa nini?"

Binamu mmoja akajibu haraka, "Ni mapambo tu, bibi. Wazito hao."

Bibi akatikisa kichwa. "Upanga haulazwi juu ya maiti bure, mwanangu. Hapo kuna mtu anazuiwa asitoke."

Nilinyamaza. Kitabu kinasema hivyo hivyo. Watu wengi wamecheki misimu minane wakaikosa hiyo point, na mwanamke wa Funzi ameipata kwa sekunde tano. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza amejuaje. Jibu limenitoa Westeros likanirudisha Kwale, na ndilo nataka tuchambue leo.

Kama hujamaliza hiyo story, chunga: spoila ziko mbele.

Upanga mapajani: kufuli, si urembo

George R. R. Martin alitoa A Game of Thrones mwaka 1996. Humo ndani anaeleza kwamba ni desturi ya kale ya Stark kumwekea kila bwana wa Winterfell upanga wa chuma, ili roho zenye hasira zisitoke kaburini. Halafu anaongeza kitu kidogo ambacho wengi wanakiruka: panga za zamani kabisa zimeshaliwa na kutu, zimebaki alama nyekundu tu kwenye jiwe. Ned mwenyewe anajiuliza kama wale wa zamani sasa wako huru kutembea ngomeni.

Cheki vile imepangwa. Desturi ilianza ikiwa na kazi. Miaka ikapita, watu wakaendelea kuifanya bila kukumbuka kazi yake. Chuma kikaoza, na hakuna aliyebadilisha, kwa sababu nani anabadilisha mapambo? Kwenye kitabu cha 2, Bran na wenzake wanapotoroka wanachomoa baadhi ya panga hizo wajilinde nazo. Kwa akili ya kawaida, wamepata silaha. Kwa akili ya bibi yangu, wamefungua milango.

Ile tamthilia ya televisheni nayo ililigusa hilo mwaka 2019. Vita ya Winterfell ilipochacha, akina mama na watoto walifichwa huko huko makaburini kwa sababu ndiko salama, na wafu wakaamka.

"Lazima Stark awe Winterfell"

Huu ni msemo wa familia. Unarudiwa mara kadhaa na hakuna anayeueleza. Ukiuchukua juu juu, ni siasa: bwana asipokuwepo nyumbani, maadui wanaingia. Lakini mashabiki wengi wanashuku kuna mkataba wa zamani ndani yake, kwamba damu ya Stark pale Winterfell inashikilia kitu kisiachilie. Martin hajathibitisha. Kitabu cha 5 kilitoka 2011, na cha 6 bado tunakingoja kama matatu ya saa saba usiku.

Kitu ambacho hakina ubishi ni ule Ukuta wa kaskazini. Vitabu vinasema waziwazi kwamba Ukuta una uchawi uliofumwa ndani yake, na wafu waliofufuliwa hawawezi kuuvuka hivi hivi. Ni barafu, ndiyo, lakini pia ni kinga. Weka hiyo akilini, tutairudia tukifika Diani.

Mkate na chumvi

Sheria ya tatu ni ya ugeni. Ukishakula mkate na chumvi chini ya paa la mtu, yeye hawezi kukudhuru na wewe huwezi kumdhuru. Ndiyo maana ile Harusi Nyekundu iliuma watu vibaya mno. Kuna ngano ndani ya story kuhusu mpishi aliyemwua mtoto wa mfalme, akampikia baba yake kwenye pai. Miungu ikamgeuza panya, na kosa lake halikuwa kuua wala kumlisha mtu mwanawe. Kosa lilikuwa kumwua mgeni.

Pwani hii ina kitu chake cha aina hiyo. Zamani watu wawili wasio ndugu walikuwa wanachanjiana: wanakatwa chale kidogo na kuonjana damu. Baada ya hapo, anayemsaliti mwenzake ajue damu ile ile iliyo tumboni mwake itamgeuka. Hakuna polisi wala korti. Kiapo chenyewe ndicho askari.

Upande wa pili wa bahari kuna Targaryen, ambao mtoto wao akizaliwa anawekewa yai la joka kwenye kitanda, na mfu wao anachomwa badala ya kuzikwa. Ukiwatazama unaona familia inayojionyesha. Ukichimba unaona familia inayoogopa kupoteza moto uliowapa kiti.

Kwa hivyo kanuni ya hizi nyumba za wazito ni moja: mila ni mashine ambayo watu wamesahau ilikuwa inafanya kazi gani. Sasa turudi nyumbani, kwa sababu huku mashine hizo zilikuwepo kweli.

Mwinyi Mkuu, mtu wa mvua

Kabla na hata baada ya masultani wa Oman kuhamia Unguja, watu wa kisiwa walikuwa na mtawala wao wa asili, Mwinyi Mkuu. Aliyejulikana zaidi alijenga kasri lake Dunga, miaka ya 1840 na 1850. Vyombo vyake vya enzi vilikuwa ngoma kubwa za mbao zilizochongwa, na siwa, yaani pembe ya kupulizwa. Masimulizi ya Unguja yanasema ngoma zile zilikuwa zinalia zenyewe hatari ikikaribia. Hakuna mpigaji. Zinalia tu, na watu wanajua kumenuka.

Ile kali zaidi ni ya mvua. Inasimuliwa kwamba Mwinyi Mkuu alikosana na Seyyid Said, akakamatwa na kuondolewa kisiwani. Mvua ikakata. Ukame ukashika mpaka akarudishwa, na aliporudi mawingu yakafunga.

Sasa soma tena ule msemo: lazima Stark awe Winterfell. Unaona? Watu wa Unguja hawakuhitaji mashabiki wa kuwatungia nadharia. Walikuwa wanasema wazi kwamba mwili wa mtu fulani, wa ukoo fulani, ukitoka kwenye ardhi yake, ardhi inagoma. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki 1873 na cheo kikafa naye. Vyombo vyake viliishia makumbusho.

Siwa si tarumbeta

Ukienda Lamu Museum utaziona siwa mbili maarufu: ya Pate ya pembe za ndovu, na ya Lamu ya shaba. Watalii wanapiga picha wanasonga. Lakini kwa karne nyingi, harusi au jando la mtoto wa ukoo mkubwa bila siwa lilikuwa kama halijafanyika. Haipulizwi kwa kila mtu. Ni ya koo zinazostahili, na anayeishika ndiye anayeamua nani anastahili.

Kuna kisa cha Pate cha Mwana Darini, mama aliyenyimwa siwa wakati wa jando la mwanawe. Hakulia wala hakuomba msamaha. Alimtafuta fundi, akachongewa yake. Huyo mama alielewa game: akikubali mtoto apite bila ile sauti, mtoto atakuwa mtu wa kawaida maisha yake yote. Cersei angempa heshima.

Funzi: nyumba iliyopokonywa

Hapa ndipo story inafika kwenye baraza letu.

Watu wa Funzi, Bodo na vijiji vya jirani ni Washirazi, na lugha yao ni Chifundi, Kiswahili cha kusini ambacho mtoto wa Nairobi akikisikia anaweza kudhani ni lugha nyingine kabisa. Kusini zaidi, upande wa Vanga na Wasini, ndiko kwa Wavumba. Hao walikuwa na mji wao Vumba Kuu, karibu na mpaka wa Tanzania wa leo, na mtawala wao aliitwa diwani. Mwingereza A. C. Hollis alichapisha historia yao mwaka 1900, akitegemea masimulizi ya wenyewe.

Jina zito kwenye masimulizi hayo ni Mwana Chambi Chandi, diwani aliyepigana na miji ya Washirazi wa pwani hii na kuishinda. Sasa sikiliza alichofanya baada ya ushindi. Hakuishia kwenye kodi. Masimulizi yanasema Washirazi walinyang'anywa siwa na ngoma zao, na wakakatazwa vitu vinavyoonekana vidogo, kama vile kuvaa kilemba na viatu.

Viatu, buda. Mshindi ameshinda vita nzima halafu anasumbuka na viatu vya watu. Ukifikiria ki-Westeros, inaeleweka haraka sana. Kilemba, viatu, ngoma na pembe ndizo zilizokuwa zinamwambia kila mpita njia kwamba huyu ni mwungwana na ukoo wake una mizizi. Mwache mtu na nyumba yake na shamba lake, lakini mnyang'anye sauti ya ngoma yake, na wajukuu zake watakua bila kujua waliwahi kuwa wazito. Ned alipokatwa kichwa, upanga wake Ice uliyeyushwa ukafanywa panga mbili za watu wengine. Akili ni ile ile.

Na udiwani wa Vumba wenyewe haukubaki ulivyokuwa. Masharifu wa ukoo wa Ba Alawi walioa ndani ya nyumba za wenyeji, na baadaye wakashika kiti. Sharifu anakuja na nguvu ya aina nyingine, baraka ya nasaba inayofika hadi kwa Mtume. Kwa hivyo juu ya siwa na ngoma ikaongezeka dua. Kila nyumba inayotaka kudumu hutafuta kinga juu ya kinga.

Fingo: uchawi uliofukiwa langoni

Sasa ule Ukuta wa barafu. Ukitoka Funzi urudi Diani, kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja kati ya misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kaya zilikuwa vijiji vyenye ngome katikati ya msitu. Njia za kuingia zilikuwa chache na zilipita kwenye malango, na ndani ya kaya kulifukiwa fingo, dawa ya kinga ambayo masimulizi yanasema wazee walitoka nayo Singwaya.

Fingo halionekani. Wanaojua lilipo ni wazee wachache. Adui angeweza kuwa na mikuki mingi kuliko nyinyi, lakini alijua akivuka pale anavuka kitu. Huo ndio Ukuta wa Kaskazini, bila barafu na bila bajeti ya HBO.

Leo ukitembelea Kinondo unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, unaambiwa usichukue chochote, hata jani lililoanguka, na mambo ya kubusiana uyaache nje. Wengi wanaona ni vituko vya watalii. Lakini angalia matokeo: Diani yote imejengwa hoteli hadi mchangani, na ule msitu bado umesimama na miti yake ya mamia ya miaka. Kama kinga inapimwa kwa kazi yake, hiyo imefanya kazi.

Siri ya Liyongo

Hatuwezi kuongea wazito wa Uswahilini tukamruka Fumo Liyongo, shujaa wa upande wa Pate na mto Tana. Huyu hakuingia mshale wala mkuki. Siri yake ilikuwa moja: sindano ya shaba, kitovuni. Mfalme aliyemwogopa hakutuma jeshi, alimnunua mtoto wake. Mtoto akamwuliza baba siri, baba akamwambia huku akijua, na mtoto akafanya kazi. Liyongo akafia kisimani amepiga goti, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa wakidhani yu hai. Muhammad Kijumwa aliiandika kwa utenzi mwaka 1913.

Fundisho lake kuhusu nyumba za kifalme ni zito: kinga haivunjwi na adui wa nje, inavunjwa na mtoto wa ndani. Uliza Theon. Uliza Walder Frey.

Kwa hivyo uchawi ulifanya kazi vipi?

Najua kuna msee anasoma hapa anasema hizi ni story za jaba, na mwingine anasema ni ushirikina. Sawa. Tuweke majini na mizimu kando kidogo, tuangalie mashine yenyewe.

Kwanza, siri. Ngoma iliyofichwa ina nguvu kuliko iliyoko sebuleni, kwa sababu kila mtu anaijaza na hofu yake. Pili, uchache. Siwa ni moja, kwa hivyo anayeikopesha anatawala harusi zote. Tatu, masharti. Vaa hiki, usiguse kile, usivuke hapa. Ukitii sharti moja dogo kila siku, umetii aliyeliweka bila kupigwa. Nne, kisasi. Wote wanajua jina la aliyevunja na yaliyompata, hata kama yalimpata baada ya miaka 10.

Hizo nne ukiziweka pamoja zinashikilia mji bila jeshi. Martin alijua hivyo, ndiyo maana dunia yake inaonekana ya kweli. Tatizo ni kwamba ukivitoa vile vyombo, mashine inazima.

Na vimetolewa. Wapokomo wa mto Tana walikuwa na ngadji, ngoma ya mfalme wao, ambayo mtu wa kawaida aliisikia tu. Wakoloni Waingereza waliichukua, na tangu 1908 iko British Museum, London. Familia ya kifalme imekuwa ikiidai. Wagiriama nao wana vigango, zile mbao zilizochongwa kwa kumbukumbu ya wanaume wa chama cha Gohu. Kigango kinakalisha roho ya mzee, kikiondolewa balaa linaingia boma. Vijana wa hapa hapa waliving'oa usiku wakaviuza kwa ganji kidogo, vikafika Marekani kama mapambo ya ukuta. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa, kimoja kutoka Illinois State Museum na kingine kutoka Hampton University. Mwaka 2019 vingine 30 vilirudi kutoka makumbusho ya Denver.

Upanga umechomolewa mapajani, ukauzwa. Bibi angesema nini?

Sikumwuliza hivyo. Nilimwuliza tu amejuaje kazi ya ule upanga. Akaniambia alipokuwa mdogo walikatazwa kupita mahali fulani kisiwani magharibi ikiingia, na palikuwa na jiwe ambalo halisogezwi. Mama yake hakumweleza kwa nini.

"Na wewe uliwaambia wanao?" nikauliza.

Akaokota ukili wake. "Hawakuuliza. Wewe ndiye wa kwanza, tena umeanzia kwa Wazungu."

Tulicheka wote, lakini ilinichoma. Nikazima simu. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, tukatembea naye polepole hadi kwenye hilo jiwe.

Lipo. Na sikulisogeza.